Hata Siku Isiyouza Ni Siku ya Kazi

Tangazo nililoliona mimi lilikuwa limebandikwa kwenye nguzo ya stima kando ya Juja Road, upande wa Mlango Kubwa: vijana wanahitajika haraka, kidato cha nne, si lazima uwe na ujuzi, malipo kila jioni. Matangazo ya aina hiyo hayajaisha Mathare. Ukitembea kutoka Pangani hadi Huruma utayakuta yamebandikwa moja juu ya jingine, na mvua ikibandua hili leo, kesho kuna lingine. Namba ya simu haikosi. Jina la kampuni mara nyingi halipo, na mshahara hautajwi kabisa.

Ilikuwa mwaka wa 2013, baada ya uchaguzi wa Machi. Nilikuwa nimemaliza shule, nakaa na mama Mashimoni, yeye akifulia watu nguo Eastleigh na mimi nikitafuta chochote kitakachopatikana. Afisi ilikuwa ghorofa ya juu katika jengo moja la mjini, upande wa River Road. Mahojiano hayakuchukua muda. Mkubwa wa pale, kijana wa rika letu aliyevaa suti, alituambia kwamba wao hawalipi mshahara kwa sababu mshahara humfunga mtu. Walilipa kamisheni tupu. Ukiuza kidogo utapata kidogo, ukiuza sana utapata sana, hakuna wa kukuwekea mpaka. Tulipiga makofi. Kuambiwa kwamba bidii yako ndiyo itakayokulipa ni maneno matamu kwa mtoto wa Mathare, ambaye kila akitaja mtaa wake mbele ya mwajiri anaona uso wa mwenzake unabadilika.

Naomba nieleze siku yetu ilivyokwenda, kwa sababu hoja yangu yote imo humo.

Saa moja kamili asubuhi ulipaswa kuwa umefika. Saa moja na dakika tano mlango ulifungwa, na aliyebaki nje alitozwa shilingi 50 ndipo aingie. Majina yaliitwa kwenye rejista. Tai ilikuwa lazima kwa wavulana, viatu vyeusi kwa wote. Tuliimba kauli za kampuni huku tukipiga miguu sakafuni mpaka majirani wa ghorofa ya chini wakagonga dari yao. Kisha tuligawiwa mali: tochi za kuchaji, seti za visu, vitabu vya picha vya watoto. Kila kitu ulikitia sahihi. Halafu msimamizi alikupangia mtaa, leo Kayole, kesho Umoja, keshokutwa Dandora, na hukuruhusiwa kuuza nje ya mtaa uliopangiwa wala kubadilisha bei hata kwa shilingi kumi. Hukuruhusiwa pia kuuza kitu chako mwenyewe. Mchana msimamizi alikuwa akipita kuona kama mko barabarani au mmekaa kivulini.

Saa kumi na mbili jioni tulirudi kwenye hesabu. Palikuwa na dirisha lenye nondo, na nyuma yake karani mwenye kimpira kwenye kidole gumba. Ulimpa pesa, akazihesabu mara mbili bila kukutazama, akakagua mkoba, akaandika. Tochi iliyopasuka kioo, yako. Kitabu kilicholowa mvua, chako. Pesa bandia uliyopewa na mteja Dandora, yako. Kilichobaki baada ya makato hayo ndicho alichokusukumia kupitia tundu la chini ya nondo. Siku nyingine hakusukuma kitu. Alifunga daftari akaita jina linalofuata. Siku kama hiyo ulikuwa umetoka nyumbani gizani, umelipa nauli yako, umetembea jua lote kwa agizo la mtu mwingine, ukiwa umevaa alivyotaka na kusema maneno aliyokufundisha, na sasa ulitakiwa ujitafutie njia ya kurudi Mathare kwa miguu.

Hapo ndipo swali lilipoanza kunisumbua. Siku ile nilikuwa nimefanya kazi au sikufanya?

Aliyelijibu swali hilo kwa vitendo alikuwa dada mmoja wa Huruma tuliyekuwa tukitembea naye. Alikuwa na daftari dogo la shule ambamo aliandika kila siku saa aliyofika, mtaa aliopangiwa, vitu alivyouza na alichokatwa. Wengi walimcheka. Mimba yake ilipokua, aliomba ruhusa ya kwenda kujifungua. Akaambiwa kwamba yeye si mfanyakazi, ni wakala anayejitegemea, kwa hiyo hana likizo ya kuomba. Akitaka kukaa nyumbani akae, na akirudi nafasi yake itakuwa na mtu mwingine. Alilia siku moja. Siku iliyofuata aliniomba nimsindikize kwenye afisi ya leba.

Afisa tuliyemkuta alikuwa mama wa makamo, mezani kwake mafaili yamepangana hadi kidevuni. Dada alianza kueleza alivyouza vizuri, kana kwamba alikuwa akiomba kazi. Yule mama akamkatiza kwa upole.

"Ngoja kwanza, binti yangu. Nani alikuwa anakupangia saa ya kufika?"

"Ni supavaiza, madam."

"Na ukichelewa?"

"Nakatwa hamsini."

"Bei ya visu ni wewe ulikuwa unaiweka?"

"Hapana, madam. Imeandikwa na kampuni."

"Ungeweza kumtuma dada yako akuuzie siku unaumwa?"

Sote wawili tulicheka kidogo. Jambo lenyewe halikuwezekana.

"Basi wewe umeajiriwa," akasema, na akachukua kalamu. "Hayo ya wakala tutamwachia mwajiri wako aje ayaeleze hapa."

Nimekuja kusoma sheria baadaye kwa hiari yangu, jioni, nikiwa na kazi nyingine, na nimeona kwamba maswali ya yule mama ndiyo maswali ambayo mahakama zetu huuliza: nani anaongoza kazi, vifaa ni vya nani, hasara ni ya nani, na mtu huyu ni sehemu ya biashara hiyo au ana biashara yake. Jina lililoandikwa kwenye karatasi halimalizi shauri. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakubali kwamba mtu anaweza kulipwa kwa kadiri ya kazi aliyofanya badala ya muda aliotumia. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya wavunaji wa chumvi wa Malindi, ilitaja aina nne za mikataba ya kazi zinazotokana na sheria hiyo: wa muda usiotajwa, wa muda maalumu, wa kibarua, na huo wa kulipwa kwa kipimo cha kazi. Kwa hiyo namna ya kuhesabu malipo peke yake haimtoi mtu kwenye ajira. Anayelipwa kwa gunia la chumvi au kwa tochi moja anaweza kuwa mfanyakazi sawasawa na anayelipwa mwisho wa mwezi.

Yule mama akatoa agizo la mishahara kutoka kwenye droo, karatasi zilizobanwa pini na kuchakaa pembeni, akatuonyesha safu ya Nairobi. Wakati ule mshahara wa chini wa leba wa kawaida jijini ulikuwa umepandishwa kwa asilimia 14 na kufika shilingi 9,780.95 kwa mwezi. Nilizisoma tarakimu hizo mara kadhaa. Nilikuwa nimeingia mjini kila siku ya wiki isipokuwa Jumapili, na hata mwezi wangu mzuri kuliko yote haukunifikisha pale. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba serikali ilikuwa imeandika kiwango ambacho mtu hapaswi kulipwa chini yake, na kwamba mimi nilikuwa chini yake muda wote.

Kifungu ambacho ningependa kila kijana wa Mathare akijue ni cha 48 katika Sheria ya Taasisi za Kazi, nayo pia ya mwaka 2007. Kinasema kwamba kiwango kilichowekwa na agizo la mishahara kinakuwa sehemu ya mkataba wa kila mfanyakazi anayehusika na agizo hilo, na makubaliano hayawezi kukibadilisha. Mkataba ukiandika malipo ya chini zaidi, kiwango cha agizo kinaingia mahali pake. Mwajiri asiyekilipa anatenda kosa la jinai. Maana yake ni hii: hata kama ulitia sahihi ukiwa na akili zako timamu kwamba unakubali kamisheni tupu, sahihi hiyo haiwezi kukushusha chini ya agizo ikiwa kweli wewe ni mwajiriwa. Kamisheni ikizidi kiwango, ni yako yote. Ikipungua, mwajiri anajazia. Watunga sheria walijua kwamba mwenye njaa hutia sahihi chochote, wakaizuia njaa isiwe shahidi.

Kuna pia nyongeza ambayo husahauliwa. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Ajira kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi nyumba au pesa za kutosha kodi juu ya mshahara, na agizo la jumla la mishahara limeiweka posho hiyo kuwa asilimia 15. Novemba 2024 kiwango cha leba wa kawaida katika Nairobi kilipandishwa hadi shilingi 16,113.75. Ukiongeza asilimia 15 unapata 18,530.81. Hapo bado hujazungumzia siku 21 za likizo ya mwaka, miezi 3 ya uzazi yenye malipo kamili, siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, wala michango ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, ambayo mtu wa kamisheni tupu hufikia uzee bila kuiona hata mara moja.

Kampuni iliitwa. Haikuja mara ya kwanza. Mara ya pili alikuja yule wa suti akiwa na karatasi iliyoandikwa wakala huru, na dada akaweka daftari lake mezani kando ya karatasi hiyo. Sikuwepo chumbani, lakini najua walikubaliana kabla jambo halijafika mahakamani na akalipwa pesa zilizomsaidia kupanga chumba kizuri zaidi na kumlea mtoto miezi ya kwanza. Waliomcheka walikuja kuomba kuona alivyokuwa akiandika.

Nilipomsimulia jirani yetu, mzee aliyekuwa dereva wa matatu za Juja Road kwa miaka mingi, hakushangaa. Kwao mambo hayo yalikuwa na historia ndefu kuliko yangu. Waziri wa Uchukuzi John Michuki alipotoa kanuni za matatu za mwaka 2003, zilizoanza kutekelezwa tarehe 1 Februari 2004, watu wanakumbuka mikanda ya viti, vidhibiti mwendo na sare. Wachache wanakumbuka kwamba kanuni zilezile zilitaka madereva na makondakta waajiriwe kwa kudumu na kulipwa mshahara wa mwezi. Kanuni za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, za mwaka 2014 zikarudia sharti hilo, zikataja hata likizo na posho ya nyumba. Mzee alikumbuka vizuri.

"Mkanda tulifunga, mwanangu," aliniambia. "Sare tulivaa. Mshahara ndio haukupanda gari."

Mwenye gari aliendelea kutaka hesabu yake kila jioni, hesabu isiyojua kwamba barabara ilifurika au kulikuwa na maandamano. Ikatoka hesabu, yakatoka mafuta, zikatoka pesa za kituo, na kilichobaki ndicho dereva na kondakta walichogawana. Kisha abiria tunauliza kwa nini gari linapanda kando ya barabara pale Pangani, na kwa nini linageuza njiani na kutushusha mvuani. Gari lile linaendeshwa na mtu ambaye kila dakika ya foleni inakula chakula cha watoto wake. Usalama wa barabarani na namna ya kumlipa dereva ni jambo moja, na naamini Michuki aliliona, ndiyo maana akayaweka katika kanuni moja.

Wenye biashara wana hoja yao, na nimeisikia mara nyingi kiasi kwamba naweza kuitoa kwa haki. Wanasema: mauzo yakikosekana, mshahara utatoka wapi? Jibu langu ni kwamba hasara ya siku mbaya lazima imwangukie mtu, na swali ni nani mwenye uwezo wa kuibeba. Kampuni yetu ilikuwa na watu wengi katika mitaa mingi. Siku Kayole ilipokataa, Buruburu ilinunua. Ilikuwa na mtaji, na ilikuwa na faida iliyopachikwa kwenye kila kisu. Mimi nilikuwa na tumbo moja. Kunibebesha mimi hasara yote ya mvua na ya mwisho wa mwezi, huku ikinipangia saa ya kuamka, ni kuchukua mamlaka ya mwajiri na kuukwepa mzigo wake.

Sisemi kwamba kila anayelipwa kamisheni ameonewa. Wapo mawakala wa kweli. Namjua mama wa Mathare North anayechukua mitumba Gikomba kwa pesa zake, anaweka bei yake, anafungua anapotaka na kufunga akiwa na kilio. Huyo ana biashara yake. Wapo pia wauzaji ambao kamisheni yao inawapa mara tatu ya mshahara wa karani, na hawataki kuguswa. Hakuna sheria inayowagusa. Kiwango cha chini hakimzuii mtu kupata zaidi.

Nchi nyingine zimepita njia hii. Uingereza, chini ya sheria yake ya mshahara wa chini ya mwaka 1998, mfanyakazi anayelipwa kwa kamisheni lazima awe amefikia kiwango, na pengo likiwepo mwajiri analijaza. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya huko iliamua kwamba madereva wa Uber ni wafanyakazi wenye haki ya kiwango hicho, ingawa mikataba yao iliwaita watu wanaojitegemea. Marekani imekwenda kinyume: sheria yake ya mwaka 1938 inawaacha nje wauzaji wanaofanya kazi yao mbali na afisi ya mwajiri. Sheria yetu ya Ajira, inapotaja walio nje yake, inataja wanajeshi, polisi na wengine wa namna hiyo. Muuzaji wa nyumba kwa nyumba hayumo.

Na sisi wa Eastlands hatukuazima mawazo haya kwa mtu. Mei 1950, wiki chache baada ya Nairobi kupewa hadhi ya jiji, viongozi wa vyama vya wafanyakazi Makhan Singh na Fred Kubai walikamatwa, na kesho yake, tarehe 16, wafanyakazi wa Nairobi wakaanza kugoma, mitaa kama Pumwani na Shauri Moyo ikiwa mstari wa mbele. Walidai wenzao waachiliwe, na walidai mshahara wa chini wa shilingi 100 kwa mwezi. Makhan Singh alikuja kuwekwa kizuizini mpaka mwaka 1961. Katika dai lile hakuna aliyeuliza kila kibarua alikuwa amebeba magunia mangapi. Waliuliza mtu anahitaji nini ili aishi mwezi mmoja katika jiji hili, wakataka kazi ya mwezi mmoja ilipe hicho.

Leo anayetembea Mathare atawakuta warithi wetu. Wanauza simu za lipa pole pole, wanasajili laini chini ya miavuli, wanasuka nywele kwa asilimia katika saluni ambayo mwenyewe ndiye anayepanga saa na bei. Rejista sasa ni kundi la WhatsApp: tuma picha yako ukiwa kituoni kabla ya saa mbili, asiyetuma leo hana kamisheni ya jana. Nikiona ujumbe wa namna hiyo kwenye simu ya kijana humwambia asiufute. Ni ushahidi kuliko daftari. Sheria ya Ajira inamtaka mwajiri aandike masharti ya kazi, na asipoleta mkataba ulioandikwa mbele ya mahakama, ni juu yake yeye kuthibitisha au kukanusha masharti ambayo mfanyakazi anayataja. Kwa hiyo kijana asikate tamaa kwa sababu hakupewa karatasi.

Asichelewe tu. Madai ya kazi yana muda wa miaka 3, na kwa dhara linaloendelea muda ni miezi 12 tangu likome; mawakili hubishana malipo duni yanaangukia wapi, kwa hiyo aliyeacha kazi aende ndani ya mwaka. Tangu 2018 wapo mahakimu waliopewa uwezo wa kusikiliza kesi za wafanyakazi ambao mshahara wao hauzidi shilingi 80,000 kwa mwezi, ili mtu asilazimike kungoja zamu yake mbele ya majaji wa mahakama ya kazi ya Milimani. Lakini aanze na afisi ya leba, ambako hakuna haja ya wakili. Abebe kitambulisho, beji au fulana ya kampuni, taarifa ya M-Pesa inayoonyesha kila kamisheni iliyoingia na tarehe yake, na zile jumbe za asubuhi zinazomwambia afike saa ngapi.